Steringi usimpe alama kabla hujamtazama akiwa kimya

Mkuu, futa kwanza hizo alama za uigizaji ulizogawa kwenye muvi ya shujaa. Adui 9, steringi 5, na muvi umeiona mara moja tu? Nimesoma swali lako nikajiona mimi mwenyewe, na haikuwa sura ya kupendeza.

Unauliza alama ugawe vipi kati ya mhusika mkuu na wasaidizi. Tutafika huko. Ngoja kwanza nikwambie nilivyoumia.

Mwaka 2018 nilitoka kwenye Black Panther nikiimba Killmonger, Killmonger, yule adui. Michael B. Jordan, aliyemwigiza, alinimaliza. Chadwick Boseman, steringi mwenyewe, je? Nikaandika kwamba kapoa kama chai iliyosahauliwa mezani. Maneno hayo sikuyaokota hewani. Kuna mchambuzi mmoja wa video, kipaza sauti chake kikubwa kuliko akili, kila wiki alikuwa anatuhubiria kuwa muvi ya shujaa inapimwa kwa adui wake. Nikameza bila kutafuna. Siku hizi anachambua simu, na simu nazo nazionea huruma.

Ningeishia kuandika, yangekuwa ya kusameheka. Lakini mwaka uliofuata niliombwa niwe mmoja wa majaji watatu wa filamu fupi za wanafunzi. Moja ilikuwa ya shujaa: barakoa ya kushona kwa mkono, joho linalonasa mlangoni. Adui anapiga kelele, anacheka, anapasua vikombe. Nikampa 9. Steringi kasimama tu anasikiliza. Nikampa 4. Wenzangu wawili walimpa 8 kila mmoja, na tuzo aliikosa kwa alama moja. Moja!

Dada aliyehariri filamu ile akanifuata baadaye. Hakufoka, na heri angefoka. "Kaka, kelele za yule adui, kila tukio liliporudiwa kupigwa, zilianza mahali tofauti, haziunganiki. Kila nilipokwama nilikimbilia uso wa steringi. Wewe ulimwogopa adui kwa sababu ulimwona steringi anamwogopa."

Hapo ndipo nilipolitamani lile joho nijifunike.

Usiku ule nikarudia Black Panther, sauti nimezima. Nenda pale mwishoni jua linapozama. Maneno yote mazito kapewa Jordan. Boseman kabakiwa na uso tu, na uso huo unamlilia mtu aliyemchoma kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nilikiita hicho kupoa!

Kwa hiyo mtazame asiyesema. Chagua matukio matatu ambayo anayeongea ni mwingine, zima sauti, macho yasimwache yule unayetaka kumpa alama. Maneno ya mwenzake yakimbadilisha, huyo anaigiza. Kama anangoja tu zamu yake ifike, mkate alama, hata awe na sauti ya radi. Aliyevaa barakoa kaachiwa kidevu na mabega, basi tazama mabega. Christopher Reeve, Superman ya 1978, nyumbani kwa Lois, mwanamke anayempenda: Lois hayupo chumbani, jamaa anavua miwani anayojifichia, mgongo unanyooka, anakuwa mtu mwingine kabisa, kisha anasita na kujikunja tena. Ni mgongo tu, mkuu, wala hakuna kompyuta iliyoguswa.

Na hao wanaosema Heath Ledger, yule adui Joker, alimfunika Christian Bale, Batman mwenyewe, kwenye The Dark Knight ya 2008, waulize kama walimtazama Bale kwenye chumba cha mahojiano. Anapiga, na kila anavyopiga anazidi kuishiwa. Kicheko cha Joker kinatisha kwa sababu ngumi za mwenzake zimekosa kazi.

Usaidizi wenyewe si udogo, ni nafasi ya mtu kwenye hadithi. Joker huyohuyo alimpa Ledger Oscar ya mwigizaji msaidizi mwaka 2009, akiwa ameshafariki, na mwaka 2020 akampa Joaquin Phoenix ya mwigizaji mkuu, kwa muvi ambayo Joker ndiye steringi. Kwa hiyo usimpunguzie mtu alama eti kaonekana dakika chache.

Leo usiku anza na lile tukio ambalo adui anaongea kwa muda mrefu kuliko yote. Ukikuta steringi anangoja zamu tu, mpe hiyo 5 yako, sitakusumbua tena.