Mshahara unakata tarehe 15: majibu ya maswali yenu ya bajeti

Nafanya kazi kampuni binafsi Ubungo. Mshahara ni 800,000, mkononi inafika 660,000. Kila mwezi naandika bajeti, kila mwezi inavunjika kabla ya tarehe 15. Nimekutumia ya mwezi huu uiangalie.

Nimeiangalia. Makato ya juu hayana mjadala: NSSF 80,000 na kodi ya mapato 60,000. Kwenye iliyobaki umeandika chakula 200,000, nauli 60,000, umeme na maji 25,000, mama kijijini 50,000, akiba 200,000, mengineyo 125,000. Hesabu inafunga vizuri sana. Tatizo ni kwamba pango halimo, eti kwa sababu ulilipa miezi sita mwezi Machi. Chumba chako ni 120,000 kwa mwezi, kwa hiyo Septemba mwenye nyumba atataka 720,000 kwa mkupuo, zaidi ya mshahara wako mzima unaofika mkononi. Ndiyo maana kila baada ya miezi sita unaanza kukopa.

Tenga hiyo 120,000 kila mwezi kama vile mwenye nyumba anakuja kesho. Nauli yako ni magari mawili kwenda na mawili kurudi, 600 kila gari. Kwa siku 26 ni 62,400. Ukijumlisha hizo na chakula, umeme, maji na mama, unafika 457,400. Unabaki na 202,600 ya gesi, vocha, dawa, nguo, kinyozi, michango na akiba. Sasa ile akiba ya 200,000 ulitegemea itoke wapi? Anza na 40,000, itoke siku ileile mshahara unapoingia.

Hilo fungu la "mengineyo" ndiyo tundu lenyewe. Jumamosi moja kaa ufungue meseji za miamala za miezi mitatu iliyopita, uandike kila kilichotoka na kimeenda wapi. Makato ya kutuma na kutolea yape mstari wake. Mtu anayetoa elfu kumi kumi kwa wakala mara nane kwa mwezi huwa hajui anachokatwa mpaka akione kimejumlishwa.

Mimi ni bodaboda Mwanza. Siku nyingine nabaki na 15,000, nyingine 4,000. Bajeti si ni ya wenye mishahara?

Wewe unaihitaji kuliko wao, ila usiifanye kwa mwezi. Ifanye kwa wiki, na uipime kwa wiki mbovu, ile ya mvua. Kama wiki mbovu inakuachia 40,000 baada ya hesabu ya bosi mwenye pikipiki na mafuta, basi chakula, pango na shule ya mtoto viishi ndani ya 40,000 hiyo. Wiki nzuri ikikuletea 80,000, ziada haipandishi maisha: sehemu iende kwenye oili, tairi na faini, sehemu ikae ikisubiri masika. Usichanganye fedha ya pikipiki na ya nyumbani kwenye laini moja. Laini ya pili haikugharimu kitu cha maana.

Michango inanimaliza. Mwezi huu nina kadi tatu za harusi, kitchen party moja na msiba. Nikikataa naonekana mbaya.

Hili ndilo swali ninaloletewa kuliko yote, na sikubaliani na wanaosema "acha tu kuchanga". Ukifiwa kesho, ni haohao watakaokuja kuweka turubai. Kuchangia ni sehemu ya maisha yetu na lazima iwe na mstari wake kwenye bajeti, tena mstari wenye ukomo.

Angalia ulichotoa mwaka mzima uliopita, gawa kwa 12, upate fungu la mwezi. Tuseme ni 50,000. Msiba unatangulia kwa sababu hauna tarehe. Kinachobaki kinagawanywa kwa ndugu kwanza, marafiki wa karibu, halafu wa kazini. Kinachowaumiza wengi ni ahadi: kwenye kundi la WhatsApp mwenzako kaandika laki moja, nawe unaona aibu kuandika elfu ishirini. Andika elfu ishirini, uitume siku hiyohiyo. Mweka hazina wa kamati anapenda elfu ishirini iliyofika kuliko laki ya kufukuziwa mpaka siku ya ukumbi. Na kadi ya mtu ambaye hujaongea naye miaka minne inajibiwa kwa pongezi tu.

Nilichukua 200,000 kwa hawa wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa, narudisha 260,000 baada ya mwezi. Niendelee kuweka akiba au nilipe?

Lipa. Hiyo ni riba ya asilimia 30 kwa mwezi, na hakuna akiba yoyote itakayokuzalishia hivyo. Bakiza ya dharura ndogo tu, iliyobaki yote ielekee huko hadi deni liishe. Kama walichukua kadi yako ya benki na namba ya siri, nenda tawini leo uifunge, upewe nyingine. Deni utalilipa, lakini mshahara wako hawapaswi kuutoa wao. Na kabla ya kukopa tena popote, uliza leseni ya Benki Kuu. Tangu sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 mkopeshaji anatakiwa kuwa nayo.

Kikoba, kibubu au UTT?

Inategemea fedha itahitajika lini. Ya kukimbizia mtoto hospitali usiku ikae kwenye simu au benki. Kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kinafaa kwa ada ya Januari, mradi mnavunja na kugawana Desemba na wanachama mnajuana. Hisa zako hazitoki katikati kirahisi, na hilo kwa wengi wetu ni msaada. Vipande vya UTT, mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ni vya fedha ambayo hutaigusa miezi mingi. Kibubu kinafaa kwa sarafu na kwa wasiokuwa na watoto wadadisi nyumbani.