CRP yangu ni 48, je, ni hatari?

Baridi ya Julai ikishika Nairobi, mafua huingia nyumba hadi nyumba, na ujumbe ninaopokea hujaa tarakimu. Wiki hii nimetumiwa picha nyingi za karatasi za maabara bila neno hata moja kuhusu mgonjwa: ana umri gani, ameugua siku ngapi, anapumua vipi. Hizo siwezi kuzijibu. Waliojieleza nawajibu hapa.

Nina homa na kikohozi, leo siku ya nne. Nimepima CRP, imetoka 48. Ni hatari? (Umoja)

Umeanza vizuri kwa kuniambia siku. CRP ni protini inayotengenezwa na ini baada ya kupata ishara kutoka kwa chembe za kinga, hasa ishara iitwayo interlukini-6. Ilitambuliwa mwaka 1930 katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Huanza kupanda saa chache baada ya mwili kushtuka na hufika kilele baada ya siku mbili hivi. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huwa chini ya 10. Kwa hiyo 48 yako inasema mwili unapigana, lakini haisemi unapigana na nani. Influenza inaweza kuifikisha hapo. Jino lililooza pia linaweza.

Wakati wa korona kipimo hiki kiliwasaidia sana madaktari, lakini tazama walivyokitumia. Katika utafiti wa RECOVERY wa Uingereza, uliotoa matokeo ya tosilizumabu, dawa inayozuia ishara hiyo ya interlukini-6, mwaka 2021, wagonjwa walioingizwa kwenye jaribio la dawa hiyo walikuwa na CRP ya 75 au zaidi na oksijeni iliyopungua. Masharti yote mawili, tena wakiwa wamelazwa. Wewe jiulize: unaweza kumaliza sentensi bila kutweta? Ukipanda ngazi za nyumbani unaishiwa pumzi kuliko juzi? Ukijibu vibaya hapo, nenda hospitali hata kama CRP ingekuwa 5.

Na tafadhali, usipeleke karatasi hiyo kwa kemisti akuuzie antibiotiki. Haziui virusi.

Hemogramu yangu inaonyesha limfosaiti 0.8, imewekewa alama ya upungufu. Kinga yangu imeisha? (Kayole)

Haijaisha. Hemogramu ni kipimo kinachohesabu chembe za damu, na limfosaiti ni aina ya chembe nyeupe za kinga. Virusi vikivamia njia ya hewa, limfosaiti nyingi hutoka kwenye damu kwenda kwenye mapafu na tezi, na nyingine hufa. Kwa mtu mzima kiwango cha chini ni kama 1.0, kwa hiyo kushuka kidogo ukiwa na homa ni jambo tunaloliona kila siku. Kinachonitia wasiwasi ni limfosaiti zinazoendelea kushuka huku nyutrofili, aina nyingine ya chembe nyeupe za kinga, zikipanda na mgonjwa akizidi kulegea. Kwa wagonjwa wa korona, mwelekeo huo uliandamana na hali mbaya. Rudia kipimo wiki chache baada ya kupona. Zikibaki chini, pima HIV. Usiogope, ila usiahirishe.

Mimi ni dereva wa matatu, sina ugonjwa wowote, lakini kila nikipima nyutrofili ni 1.3 na naambiwa ni chini. (Githurai)

Watu wengi wa asili ya Afrika wana nyutrofili chache kwenye damu kwa maumbile, na kinga yao ni kamili. Inahusiana na jeni ya Duffy, ileile ambayo kukosekana kwa protini yake kwenye chembe nyekundu huwakinga watu wengi dhidi ya malaria ya vivax. Maabara nyingi bado zinatumia viwango vilivyopimwa kwa watu wa Ulaya na Marekani, kisha zinawatia Wakenya wazima hofu. Jambo hili limenichosha. Weka matokeo yako ya zamani. Yakifanana mwaka hadi mwaka, hicho ndicho kiwango chako.

CRP ikiwa ya kawaida naweza kwenda kazini na homa? (Donholm)

Hapana.

Nikiwa na mafua nipime pia taifodi, kile kipimo cha Widal? (wanane wenu)

Nimelijibu mara nyingi. Hapana, na aliyekwambia uipime kwa ajili ya mafua alitaka pesa yako.

Mwaka 2020 mimi na mume wangu tuliugua korona pamoja. Mimi nilikohoa siku tatu. Yeye, aliyekimbia msitu wa Karura kila Jumamosi, aliwekewa mashine ya kupumulia. Damu haingetuonya mapema? (Lang'ata)

Dada yangu, pole sana. Seli ikivamiwa na virusi hutoa interferoni kuzionya seli jirani. Mwaka huohuo watafiti walichunguza wagonjwa 987 wa nimonia kali ya korona, wakakuta 101 wana kingamwili zinazoshambulia interferoni zao wenyewe. Kati ya hao 101, wanaume walikuwa 95. Walionekana wazima kabisa hadi virusi vilipofika. Siwezi kusema mumeo alikuwa mmoja wao, lakini kipimo hicho hakimo kwenye hemogramu wala hakiuzwi kwenye maabara za mtaani. Hukumkosea kwa kutompima.

Nimeuziwa matone ya kuongeza kinga, shilingi 3,500. Yatanikinga na nimonia? (Kibra)

Hayatakukinga, na wazo lenyewe ni potofu. Katika ugonjwa mkali, sehemu kubwa ya madhara hutokana na kinga yenyewe kuunguza mapafu. Ndiyo maana deksamethasoni, dawa inayotuliza kinga, mwaka 2020 ilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja miongoni mwa wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye mashine na kwa moja ya tano miongoni mwa waliohitaji oksijeni. Wasiohitaji oksijeni haikuwasaidia. Basi msiikimbilie kwa kemisti mkiwa nyumbani, mtadhurika. Pesa hiyo ingekununulia matunda na mboga za wiki kadhaa.

Mwanangu wa miezi minane anakohoa. Nimpime CRP wapi kabla ya kliniki? (Umoja)

Mama, usipitie maabara kwanza. Mvue nguo za juu akiwa ametulia, tazama kifua, hesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya simu. Kwa umri wake, 50 au zaidi ni haraka mno. Tazama pia kama sehemu ya chini ya mbavu inabonyea ndani anapovuta hewa, kama anakataa kunyonya, kama midomo inabadilika rangi. Ukiona lolote kati ya haya, mpeleke sasa, hata kama ni usiku wa manane, na mwambie muuguzi wa kwanza utakayemkuta idadi uliyohesabu.