Kipimo kile kile, ganda lingine: kwa nini bolti imekuwa nzito?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Niko kaskazini mwa California na ninawinda kulungu kwa bunduki ya .308 Winchester. Risasi zangu hujaza mwenyewe: ganda la Winchester, kichwa (kile kipande kinachoruka) cha greni 165, greni moja ikiwa kama gramu 0.065, chenye kiini cha madini ya risasi, baruti ya Varget kwa kipimo cha juu kabisa cha kitabu. Kwa kuwa vichwa vya madini hayo haviruhusiwi tena kuwindia huku, nimenunua vya shaba nyekundu tupu, greni 165 vilevile. Ni virefu kuliko vya zamani kwa kama milimita 4. Rafiki yangu naye amenipa maganda ya jeshi ya 7.62. Nimeweka baruti ile ile, kipimo kile kile, na urefu wa risasi nzima haukubadilika. Sasa nikikandamiza kichwa nasikia baruti ikisagika, na nikishafyatua bolti, yaani komeo la bunduki, inafunguka kwa shida. Je, nihamie baruti ya punje za mviringo, maana nasikia inakaa vizuri zaidi? Na nina makopo mawili ya 4895, moja la IMR, moja la Hodgdon, yote nusu. Naweza kuyachanganya?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Kabla ya yote, zile risasi zilizobaki usizifyatue. Ng'oa vichwa kwa nyundo maalumu ya kung'olea vichwa, rudisha baruti kwenye kopo lake kama una hakika haikuchanganyika na nyingine, halafu tuendelee.

Nasisitiza hivyo kwa sababu bolti nzito ni dalili inayochelewa. SAAMI, chama cha watengenezaji wa silaha na risasi wa Marekani, kimeiwekea .308 ukomo wa presha wa psi 62,000 (pauni kwa inchi ya mraba). Ganda likianza kung'ang'ania kuta za chemba, au kitako kikiota alama inayong'aa ya kisukumio cha kutolea ganda, mara nyingi umeshauvuka mstari huo. Bunduki haikwambii unapoukaribia.

Unadhani hujabadili kipimo. Kwenye mizani ni kweli. Lakini presha haiangalii mizani peke yake. Inaangalia pia baruti ina nafasi kiasi gani nyuma ya kichwa kabla hakijaondoka. Nafasi hiyo umeipunguza mara mbili bila kujua.

Anza na kichwa. Shaba nyekundu ni nyepesi kuliko madini ya risasi: sentimita moja ya ujazo ina takriban gramu 9, wakati madini ya risasi yana zaidi ya 11. Kwa hiyo greni 165 za shaba lazima ziwe ndefu zaidi. Na kwa kuwa urefu wa risasi nzima umeuacha palepale, sehemu kubwa ya zile milimita 4 imeingia ndani ya ganda. Kichwa cha .308 kina kipenyo cha milimita 7.82, na kila milimita kinayozama inakula nafasi ya karibu greni 0.74 za maji (nafasi ya ganda tunaipima kwa uzito wa maji yanayoijaza). Milimita 4 ni karibu greni 3. Kitako kikiwa kimechongoka kidogo hesabu itashuka, lakini si sana.

Halafu maganda. Kwa nje ganda la jeshi na la dukani yanalingana, maana yote yanaingia chemba ileile. Tofauti ni unene wa ndani. Lipime tupu: la Winchester mara nyingi huwa karibu na greni 160, la jeshi linakaribia 180. Zile greni 20 za ziada ni shaba iliyokaa mahali palipokuwa pa baruti. Gawanya kwa 8.5, ambao ndio uzito wa shaba ya maganda ukilinganisha na maji, utapata umepoteza greni 2 na ushei.

Ganda la .308 la kawaida lina nafasi ya takriban greni 56 za maji ukilijaza hadi mdomoni. Wewe umepoteza kama 5, yaani karibu sehemu moja ya kumi, huku ukiwa umeanza na kipimo cha juu kabisa. Na presha haipandi kwa mwendo uleule nafasi inavyopungua. Inapanda kwa kasi zaidi.

Usinichukulie hesabu hizi kama mwisho wa habari, pima mwenyewe. Chukua ganda ulilolifyatua kwenye bunduki yako, ambalo hujalipitisha kwenye dai, kile kifaa cha kulibana lirudi kipimo chake. Fataki iliyotumika, yaani kile kiwashio cha kitakoni, iache mahali pake ili izibe tundu. Lipime likiwa kavu. Lijaze maji yenye tone moja la sabuni ya vyombo, ugongegonge mapovu yatoke, mpaka uso wa maji ulingane na mdomo: usivimbe juu, usibonyee. Pima tena, toa. Fanya hivyo kwa maganda kadhaa ya kila aina uandike wastani. Sababu ya kutumia ganda lililofyatuliwa ni kwamba presha ikipanda ganda hutanuka hadi kuta za chemba, kwa hiyo nafasi inayofanya kazi ni hiyo, si ile ya ganda lililobanwa na dai. Ukimaliza likaushe vizuri.

Matokeo yakishatoka, tenga maganda ya jeshi kwenye boksi lake na uyatengenezee kipimo chake. Mimi kwa kulungu ningeyaacha kabisa, maana ya Winchester unayo. Watu hupenda cha bure, lakini maganda ya jeshi aghalabu huja na fataki iliyokazwa pembeni, na kuyaandaa kunakula muda kuliko bei yake.

Sasa baruti. Unauliza ya punje za mviringo kwa sababu inakaa vizuri, na hapo hujakosea: pishi ya mchele na pishi ya unga hazina uzito mmoja, na baruti ni hivyo hivyo. Varget ni vijiti vidogo vilivyokatwa, vinaacha hewa katikati. Punje za mviringo, kama BL-C(2) au W748, zinalala zikagusana na kumiminika kwenye kipimo kama mchanga. Lakini tatizo lako ni presha, na baruti iliyosagika ni ishara tu ya nafasi kuwa ndogo. Ukiondoa msago kwa kuweka baruti inayokaa pachache, utakuwa umenyamazisha kengele. Tena baruti nyingi za mviringo zina nitrogliserini ndani, na kwa kawaida presha yake hubadilika zaidi na joto. Risasi zilizoshinda kwenye gari mchana wa Agosti katika bonde la Sacramento si zile ulizozijaribu asubuhi ya Februari. Varget inajulikana kwa kutulia kwenye joto na baridi, na hiyo ni sababu tosha ya kubaki nayo.

Ninavyochagua mimi: natafuta baruti ambayo, ikifikia presha halali kwa kichwa hicho, inalijaza ganda kati ya asilimia 90 na 100. Ikiwa ya kuungua haraka mno, presha inafika ukomoni ganda likiwa na uwazi mkubwa, baruti inalala upande huu leo na upande ule kesho, mwendokasi hauna msimamo, na kipimo maradufu kinaweza kuingia usikione. Ikiwa ya polepole mno, kama H4831 ndani ya .308, ganda linajaa pomoni kabla presha haijafika inapotakiwa, na unapoteza mwendo. Hiyo ni baruti ya maganda makubwa. Hata .30-06, ganda kubwa kuliko la .308 lenye nafasi ya greni 68 hivi, huwa linaridhika na baruti za jamii ya 4350. Kwa .308 na kichwa cha 165, Varget, IMR 4064 na ndugu wa 4895 ziko mahali pake.

Kukandamiza baruti kidogo si kosa kama kitabu chenyewe kimeandika kwamba kipimo hicho hukandamizwa. Ukitaka kupunguza msago, mimina taratibu kwa faneli ya shingo ndefu, vijiti vitajipanga.

Kipimo chenyewe sikutajii. Chukua jedwali la mtengenezaji wa kichwa hichohicho cha shaba, si la kichwa kingine cha greni 165, uangalie ametumia ganda gani na urefu gani wa risasi. Anza na kipimo chake cha chini, au asilimia 10 chini ya cha juu, upande nusu greni nusu greni ukiwa na kipima mwendo. Mwendo ukifikia ule wa jedwali kabla hujafikia greni zake, simama hapo. Presha umeshaipata, hata kama bolti inafunguka kama siagi.

Kuhusu 4895: hapana, usichanganye. IMR 4895 na H4895 zinashiriki namba tu, kutoka baruti iliyotumika kwenye .30-06 za jeshi la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Leo ni bidhaa mbili, kila moja na jedwali lake. Hata makopo mawili ya jina moja lakini ya toleo tofauti mimi siyaunganishi. Ya Hodgdon itunze: kampuni yenyewe inaruhusu ishushwe hadi asilimia 60 ya kipimo cha juu, na ukiwa na kijana anayejifunza kulenga atakushukuru kwa mteuko mdogo, yaani bunduki haitampiga sana begani. Usijaribu hivyo kwa baruti za polepole, kipimo kidogo kwenye ganda kubwa kimewahi kupasua bunduki.

Na kwa mnaosoma mkiwa Kenya au Tanzania: haya ni ya huku, ambako kujijazia risasi zako ni halali. Nyumbani kutengeneza risasi bila leseni ni kesi.