Jina moja, tahajia kumi: majibu kwa wanaotafuta mababu Wahuguenoti

Mume wangu ni wa Afrika Kusini, anaitwa Viljoen. Kwao husema asili yao ni Ufaransa, lakini nimepekua orodha za Kifaransa sijaona Viljoen hata mmoja. Ni hadithi tu?

Si hadithi, dada. Tafuta Villion. François Villion alifika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1671, na makarani wa kule walikuwa Waholanzi, wanaandika walichosikia. Kwa Kiholanzi j husomwa kama y yetu, na oe ni u. Tamka "Vilyun" polepole, utalisikia jina la Kifaransa ndani yake. Sisi tulifanya vivyo hivyo: Schule ya Wajerumani ikawa shule.

Wahuguenoti, yaani Waprotestanti wa Ufaransa, walikuja kwa wingi kuanzia 1688, baada ya Louis XIV kufuta mwaka 1685 ile Amri ya Nantes iliyowalinda tangu 1598. Pinard akawa Pienaar, Cronier akawa Cronjé, Sénéchal akawa Senekal. Walichanganywa na wakulima wa Kiholanzi, watoto wakasomeshwa Kiholanzi, na baada ya vizazi vichache hakubaki mtu wa kumsahihisha karani. Ndiyo maana nasisitiza: kabla ya kupekua, lisome jina kwa sauti.

Natafuta Dubois. Nampata baba, watoto wake siwaoni.

Huenda wako chini ya herufi nyingine. Jaribu du Bois, de Bois, hata Bois peke yake, kwa sababu kila mtayarishaji wa faharasa ana uamuzi wake juu ya vijineno du, de na le. Usiitegemee sana Soundex, ile mbinu ya kompyuta ya kukusanya majina yanayofanana kwa sauti. Yenyewe hushikilia herufi ya kwanza. H ya Kifaransa haitamkwi, kwa hiyo Hardouin na Ardouin wanaweza kuwa ndugu wa tumbo moja na Soundex isiwakutanishe kamwe.

Babu wa mke wangu, Mwingereza, aliitwa King. Nimeambiwa ni Leroy aliyetafsiriwa.

Yawezekana, maana Leroy ni "mfalme", na wapo kina Leblanc waliogeuka White. Ila Uingereza imejaa kina King wasio na tone la damu ya Kifaransa. Usiamini tafsiri mpaka upate waraka unaobeba majina yote mawili: wosia, au ubatizo katika kanisa la Wafaransa la Threadneedle Street, London. Soma hadi mstari wa wasimamizi wa ubatizo. Mara nyingi ni mjomba au shangazi, na karani huyohuyo anaweza kuwa ameandika jina la ukoo kwa tahajia mbili katika ukurasa mmoja. Wanawake nao mara nyingi wameandikwa kwa majina ya kwao. Hazina hiyo usiipite.

Wawaloni ni Wahuguenoti?

Hapana. Ni wasema-Kifaransa wa kusini mwa Nchi za Chini, leo zaidi Ubelgiji, na wengi walikimbia mapema zaidi, Duke wa Alba, jemadari wa Hispania aliyewaandama Waprotestanti, alipoingia mwaka 1567. Uholanzi wao na Wahuguenoti waliabudu katika makanisa yaleyale ya Kiwaloni, ndiyo maana wanachanganywa. Anzia kwenye makadi yaliyokusanywa Leiden, Uholanzi, yaliyonakiliwa kutoka madaftari ya makanisa hayo.

Mtoto kabatizwa London Februari 1690, wazazi wameoana Juni 1690!

Usiwahukumu. Hadi 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza 25 Machi. Februari hiyo, kwa hesabu yetu, ni ya 1691.