Mbegu za fahali "huivaje" ndani ya ng'ombe?

SWALI: Mhimilishaji (anayepandisha ng'ombe kwa mbegu zilizogandishwa) huniambia ng'ombe akionekana kwenye joto asubuhi, apandishwe jioni, kwa kuwa mbegu zinahitaji muda wa kuiva. Zinaivaje?

JIBU: Mbegu ikitoka kwa fahali haiwezi kurutubisha yai papo hapo. Utando wake umejaa minyororo ya sukari, na ncha nyingi zina asidi sialiki (aina ya sukari yenye asidi). Koti hilo huikinga mbegu na askari wa mwili wa jike, lakini pia huzuia isishikane na yai mapema. Juu yake zimegandamana protini za shahawa. Hizi zina kazi ya ajabu kweli: hushika sukari iitwayo fukosi kwenye ukuta wa mrija wa mayai, mbegu ikabaki imejibanza humo ikisubiri. Yai linapokaribia kutoka, protini hizo hudondoka, sehemu ya asidi sialiki hukatwa, kolesteroli (mafuta ya utando) hupungua, na mkia huanza kuchapa kwa nguvu. Maabara huliiga hilo kwa heparini, dutu inayojulikana kwa kuzuia damu isigande. Kuiva huko huchukua takriban saa 4.

Kugandisha huharibu koti hilo. Mbegu zikiyeyushwa huwa tayari zimeiva nusu, hivyo huishi muda mfupi. Yai hutoka kama saa 24 hadi 32 tangu joto lianze, ndiyo maana jioni inafaa.

Kijiti (kimrija chenye mbegu zilizogandishwa) kiyeyushwe kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa sekunde 40 hivi. Kisha kikaushwe kabisa kabla ya kukatwa: tone la maji likiingia, mbegu huvimba na kufa.