Jibu: Vyumba sita vya kupangisha Chanika, fundi anasema shimo moja linatosha

Mkuu, msimamishe huyo fundi leo. Umeuliza kiwanja cha mita 20 kwa 20 kibebe wapangaji wangapi, uchukue kodi ya miezi mingapi na dalali umpe nini, halafu katikati ukapitisha kama si kitu: "fundi anasema shimo moja la choo linawatosha wote, litajinyonyea lenyewe." Pesa yako itazama hapo. Yangu ilizama hapohapo kwa maneno hayohayo, na shimo lilipofurika fundi akanijibu kwamba wapangaji wanatumia maji mengi. Sasa mtu alipe kodi asioge?

Piga hesabu. Familia sita za watu wanne ni watu 24. Choo ndani, bafu na jiko, weka lita 60 kwa mtu: lita 1,440 kila siku. Shimo la lita 8,000 lisiponyonya linajaa siku ya sita. Gari la maji taka litakuwa mpangaji wako wa saba, ila huyu unamlipa wewe.

Kinachodanganya ni kwamba mwanzoni shimo lolote linanyonya. Ni kiangazi, wapangaji wawili tu wamehamia. Kisha mafuta ya jikoni, sabuni na tope laini la choo vinapaka kuta utando mweusi unaoteleza kama kamasi, na udongo unaziba. Masika ikija, maji ya ardhini yanapanda na kuingia shimoni badala ya shimo kutoa. Chumba kilicho chini kuliko vyote ndicho kinachoanza: choo kinagugumia, ukimwaga ndoo maji yanapanda hadi ukingoni, harufu inatokea kwenye tundu la bafu. Huyo mpangaji haongezi mkataba.

Karo, yaani tangi la kutulizia tope la choo, na shimo la kunyonya, linaloachia maji ardhini, ni vitu viwili, usikubali viunganishwe. Karo liwe limepigwa plasta lisivuje kabisa. Kwa watu 24, ndani liwe mita 3 kwa 1.2, kina cha maji mita 1.4, na sentimita 30 za hewa juu. Gawa kwa ukuta: mita 2 chumba cha kwanza, mita 1 cha pili. Bomba la kutokea liwe chini ya la kuingilia kwa inchi 2 au 3, yote yakiwa na kiungio cha umbo la T ili utando wa juu usipite. Bomba la inchi 4 literemke sentimita 2.5 kwa kila mita, na chemba ya kukagulia kila kona. Ondoa tope kila miaka mitatu.

Maji ya karo ndiyo yaende kunyonywa, na hapo udongo ndio unaokuambia ujenge vyumba vingapi. Tifutifu lenye mchanga linapokea kama lita 24 kwa mita mraba ya ukuta kwa siku, kwa hiyo unahitaji mita mraba 60. Shimo la kipenyo cha mita 2 na kina cha mita 3 chini ya bomba lina kama 19. Ni mashimo matatu na zaidi hayo! Udongo wenye mfinyanzi mwingi unapokea lita 8 tu, na mashimo yanafika kumi. Kwenye 20 kwa 20 utayaweka wapi? Hapo jenga viwili au vitatu, au uza.

Kwa hiyo pima kabla ramani haijachorwa, na upime masika. Chimba hadi kina ambacho maji yatanyonywa, kisha chini kabisa chonga kishimo cha sentimita 30 kila upande. Kijaze maji, yaache yanywee usiku kucha. Asubuhi jaza tena, hesabu muda wa maji kushuka kutoka robo tatu hadi robo. Yakichukua zaidi ya dakika 240, ardhi hiyo hainyonyi. Yakishuka kwa muda usiofika dakika 40 yanapita haraka mno, yatachafua visima. Hata pakiwa pazuri, kaa mita 30 kutoka kisima chochote. Ukikuta maji yamejikusanya yenyewe, acha.

LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, kila mpangaji na yake. Kodi ya jengo inakatwa humo tangu 2021, kwa hiyo mfidie mpangaji anayekatwa. Dalali na miezi ya kodi tutaongea baadaye. Jumamosi nenda na jembe, ndoo mbili na saa, kisha andika hapa maji yameshuka kwa dakika ngapi.