Konteina zinazojiapdeti zenyewe: maswali yenu ya wiki hii

Nimerestati konteina ya Docker mara tatu na bado iko vasheni ya zamani. Kwa nini?

Kurestati hakubadilishi imeji, yaani kile kifurushi cha programu ambacho konteina inaundwa kutokana nacho. Piga docker compose pull, halafu docker compose up -d. Hili nimeshalijibu mara nyingi sana jamani, someni majibu ya nyuma kabla hamjatuma.

Niliiachia Watchtower, ile programu ya kuapdeti konteina, iapdeti kila kitu usiku, asubuhi databesi yangu ya Postgres imegoma kuwaka. Data imekufa?

Haijakufa, pole sana, ila usiguse voliumu kwanza, humo ndimo data inakaa. Bila shaka umeandika postgres:latest, yaani tagi (jina la vasheni) inayovuta vasheni mpya yoyote inayotoka. Fungua logi utakuta "database files are incompatible with server", na mstari unaofuata unataja vasheni iliyoandika data na hii inayojaribu kuisoma. Postgres wanatoa vasheni kubwa kila mwaka na kwa mfano faili za 16 hazisomwi na 17 hivihivi tu. Rudisha tagi iwe 16, iwashe, toa kila kitu kwa pg_dumpall, ndo uanzishe 17 kwenye voliumu mpya na umwage data humo. Wanaokwenda 18 waangalie zaidi, imeji yake sasa inataka voliumu ifungwe /var/lib/postgresql, siyo ile /var/lib/postgresql/data ya zamani.

Mimi yalinikuta kwenye seva ya duka la mteja, simu inaita saa kumi na moja alfajiri, mauzo hayaingii, na bakapu ya mwisho ina wiki tatu. Tangu siku hiyo databesi yoyote ninayoisimamia ina namba kwenye tagi na haiapdetiwi bila mtu kukaa mbele yake. Nawaomba na nyie mfanye hivyo leo, siyo wikendi.

Imeji za zamani zimejaza diski, nitumie prune ipi?

Anza na docker system df uone nini kinakula nafasi. docker image prune inafuta zile zisizo na tagi tu, ukiongeza -a inafuta kila imeji isiyo na konteina, kwa hiyo kama ulipiga compose down jana basi imeji za huo mradi nazo zinaondoka na utazivuta upya kwa bando lako. Wengine mnaweka --filter until=168h mkidhani inalinda mlizovuta wiki hii, hapana, inahesabu tangu imeji ilipotengenezwa. Na WATCHTOWER_CLEANUP=true inafuta ya zamani mara baada ya kuapdeti, mpya ikiwa mbovu, na tagi ni latest, utarudi kwenye vasheni gani? Andika namba mahali kabla hujafuta.

Nimefuta imeji zote, diski bado imejaa.

Mara nyingi ni logi. Docker kwa kawaida haizipunguzi. Weka max-size na max-file kwenye daemon.json, faili la mipangilio ya Docker, restati Docker, halafu unda konteina upya, za zamani hazitafuata.

Kuipa Watchtower docker.sock ni salama?

Soketi hiyo ndiyo mlango wa kuiamuru Docker, kwa hiyo mwenye nayo ni ruti, mwenye mamlaka yote, wa seva yako, na kuweka :ro (kusoma tu) hakuzuii kitu. Isitoshe watunzaji wa Watchtower wameshaufunga mradi wenyewe, hakuna atakayeziba tundu likipatikana. Weka Diun ikutumie taarifa imeji mpya ikitoka, soma kilichobadilika, piga bakapu, vuta kwa mkono wako.